Dioksini Ikishatua: Jinsi ya Kupima Sumu Inayoshuka Kutoka Hewani

Mwaka 2021 mji wa Lausanne, Uswisi, uligundua kwa bahati tu kwamba udongo wa baadhi ya bustani na viwanja vyake vya watoto una dioksini nyingi. Tanuri la kuchomea taka lililokuwa kwenye bonde la Vallon, ndani ya mji, lilianza kazi mwaka 1958 na likafungwa mwaka 2005. Moshi ulikuwa umekwisha zamani, lakini kuna mahali vipimo vilifika nanogramu 640 kwa kilo ya udongo (nanogramu ni sehemu ya bilioni ya gramu), wakati kanuni za Uswisi zinataka uchunguzi uanze pale panapofika nanogramu 20, ikiwa watoto wanacheza hapo. Wakazi wa maeneo yaliyoathirika walishauriwa wasile mayai ya kuku wanaowafuga uani, na wazazi wawe macho watoto wadogo wasitie udongo mdomoni.

Tanuri lile halikuwa siri. Kila aliyeishi pale alilijua. Kilichokosekana ni jibu la swali linaloonekana jepesi: kile kilichotoka juu kwenye bomba la moshi kilitua wapi, na kiasi gani? Niseme mapema kwamba hakuna namba moja ya dioksini inayotua mahali. Namba hutegemea kilichoipokea. Chupa ya kioo itakupa yake, jani litakupa nyingine, tope la ziwani nyingine tena, na zote zinaweza kuwa za kweli. Msomaji wa ripoti asiyeuliza ni kitu gani kilichopokea anaweza kutishika bure, au akatulizwa bure, ambalo ni baya zaidi.

Dioksini si kemikali moja. Ni ukoo wa kemikali 210, yaani dioksini zenyewe 75 na furani 135, na katika hizo 17 ndizo zinazotia hofu, zile ambazo klorini zake zimekaa kwenye nafasi ya 2, 3, 7 na 8 ya molekuli. Hakuna anayezitengeneza ili aziuze. Huzaliwa pale kitu chenye kaboni kinapoungua na klorini ikiwepo, hasa moshi unapopoa taratibu kati ya nyuzi 450 na 200 za Selsiasi huku shaba iliyomo kwenye majivu ikichochea. Waya wenye ganda la PVC, plastiki yenye klorini, unaochomwa jalalani ili ipatikane shaba umebeba mahitaji yote hayo kwa pamoja.

Kwa kuwa sumu zake hazilingani, Shirika la Afya Duniani limeipa kila moja uzito wake. Kali kuliko zote, TCDD, ina uzito wa 1. OCDD, yenye klorini nane, ambayo mara nyingi ndiyo inayojaa kwenye vumbi, ilipewa 0.0003 tu mwaka 2005. Kiasi cha kila kemikali huzidishwa kwa uzito wake, kisha vyote vinajumlishwa, na jumla hiyo huandikwa TEQ. Orodha ya uzito huo imepitiwa mwaka 1998, 2005 na 2022, kwa hiyo ripoti mbili za miaka tofauti zisilinganishwe kabla ya kujua kila moja ilitumia orodha ipi.

Hewani, zile zenye klorini chache hupenda kuwa mvuke, hasa wakati wa joto. Zenye klorini saba au nane hung'ang'ania masizi na vumbi. Kutoka hapo zinatua kwa njia tatu: chembe hushuka zenyewe au hugonga kitu njiani, mvua huzisafisha kutoka angani, na mvuke hunyonywa na chochote chenye nta au mafuta juu yake. Njia hii ya tatu ndiyo husahaulika, na ndiyo inayotupatia sehemu kubwa ya dioksini inayofika mezani.

Njia ya mkato ni kupima hewa kisha kupiga hesabu. Tuseme hewa ina femtogramu 10 za TEQ kwa kila mita ya ujazo. Femtogramu ni sehemu ya elfu ya pikogramu, na pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mafungu trilioni moja. Tuseme pia chembe zinashuka sentimita 0.5 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Ukizidisha unapata pikogramu 4.3 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa kulinganisha, kamati ya pamoja ya majimbo ya Ujerumani inayoshughulikia uchafuzi wa hewa imependekeza lengo la muda mrefu la pikogramu 4 kwa mita ya mraba kwa siku, zikihesabiwa pia zile PCB (ukoo mwingine wa kemikali zenye klorini) zenye tabia ya dioksini. Hesabu inavutia, ila kila kitu kimeegemea ile 0.5. Masizi membamba huelea na kushuka polepole kuliko hapo, na vumbi nene hushuka upesi mara kadhaa. Ukikosea kasi mara tano, jibu limekosea mara tano, hata kama hewa yenyewe umeipima kwa ustadi wote.

Ndiyo maana wapimaji hurudi kwenye chombo cha kukinga. Ujerumani hutumia kikingio kiitwacho Bergerhoff: chupa ya mdomo mpana iliyowekwa juu ya nguzo, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, na kuzungushiwa nyaya ili ndege wasitue. Hukaa wazi kama mwezi mmoja, jua na mvua, usiku na mchana. Mwezi ukiisha hufunikwa na kupelekwa maabara, na nyingine huwekwa mahali pake.

Tazama kilichomo ndani. Mdomo wa chupa una upana wa kama sentimita 9, sawa na eneo la mita za mraba 0.0064. Mahali panapopokea pikogramu 5 kwa siku, mwezi mzima utaleta pikogramu 150 kwa mita ya mraba, na chupa yako itakuwa imekinga chini kidogo ya pikogramu moja ya TEQ. Hiyo moja ndiyo maabara inatakiwa iichambue iwe kemikali 17. Kwa hiyo chupa kadhaa husimamishwa pamoja na kuchanganywa kuwa sampuli moja, au huwekwa faneli kubwa badala yake. Hata hivyo bonge moja la masizi lililodondoka siku moja laweza kuzidi yote yaliyoingia mwezi mzima. Jani likianguka humo limekuja na yake. Upepo ukivuma kwa nguvu chembe nyembamba hupita juu ya mdomo bila kuingia. Na vumbi la barabara, ambalo dioksini yake ilitua miaka ishirini iliyopita, hupeperushwa likaingia chupani na kuhesabiwa kuwa ni la mwezi huu.

Kazi ya maabara inastahili heshima inayonyimwa. Kabla ya kugusa chochote, mchambuzi humwagia kwenye sampuli kiasi anachokijua cha dioksini zilizotengenezwa kwa kaboni-13, ambazo mashine inazitofautisha kwa uzito. Kisha sampuli hupikwa kwenye tolueni kwa saa nyingi, husafishwa kwa asidi na mkaa maalumu, hukaushwa hadi kubaki tone, ndipo huingia kwenye spektromita, yaani ile mashine inayotofautisha molekuli kwa uzito. Kama zile za kaboni-13 zimerudi asilimia 60 tu, basi za kwenye sampuli nazo zimerudi kwa kiasi hicho tu, na hesabu husahihishwa. Pamoja nayo husafirishwa chupa tupu iliyokwenda uwanjani ikarudi imefungwa, ili ijulikane uchafu wa safari na wa maabara yenyewe ni kiasi gani.

Kuna namba moja ninayoitafuta kwanza kwenye ripoti yoyote. Kemikali ambayo mashine haikuiona huandikwaje? Wengine huihesabu sifuri, wengine huihesabu kana kwamba ipo kwa kiwango cha chini kabisa ambacho mashine ingeweza kukiona. Ripoti ya kweli hutoa jumla zote mbili. Zikikaribiana, umepima dioksini. Zikiachana sana, umepima uwezo wa mashine, na mtu asikuambie kwamba mahali hapo ni safi.

Sasa turudi kwenye ile njia ya tatu. Kioo hakina nta, kwa hiyo mvuke huja, hugusa, huondoka. Jani halifanyi hivyo. Michael McLachlan na wenzake waliokuwa Bayreuth, Ujerumani, walionyesha miaka ya 1990 kwamba nyasi wanazokula ng'ombe hupata sehemu kubwa ya dioksini zenye sumu kali kwa kunyonya mvuke, na kwamba msitu hukinga uchafu huu kutoka hewani kuliko ardhi iliyo wazi pembeni yake, kwa sababu majani yake mengi huunyonya kisha huudondosha chini na kuuzika kwenye mboji. Chupa iliyosimama katikati ya malisho haioni lolote kati ya hayo. Kwa hiyo Wajerumani wana kipimo kingine kinachokwenda sambamba na chupa, nacho ni mboga. Hupanda kwenye vyungu vyenye udongo safi aina ya kabichi ya majani ambayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, huiweka karibu na kiwanda kwa majuma kadhaa, kisha huvuna majani na kupima dioksini kwa kila kilo ya majani makavu. Nyasi maalumu za vyungu nazo hutumika hivyo hivyo. Huwezi kuigeuza namba hiyo iwe pikogramu kwa mita ya mraba kwa siku bila kubahatisha, lakini inajibu swali la mkulima kuliko chupa.

Uholanzi ilijifunza hili kupitia maziwa. Mwaka 1989 maziwa ya mashamba ya Lickebaert, karibu na Rotterdam, yalikutwa na dioksini nyingi kiasi cha kuzuiwa yasiuzwe, na chanzo kikaonekana ni matanuri ya taka ya upande ule. Ng'ombe mmoja hupita makumi ya mita za mraba za malisho kwa siku, hukusanya kilichotua na kilichonyonywa, kisha hukihifadhi kwenye mafuta. Yeye ni kikingio kikubwa kuliko chochote kitakachotundikwa kwenye nguzo.

Vyote hivyo hupima leo. Kwa jana kuna udongo na tope. Lausanne ilibidi isome udongo, na kuusoma kunataka tahadhari, kwa sababu udongo hutoa nanogramu kwa kilo wakati tunatafuta kilichoshuka kwa mita ya mraba. Ili kutoka hapa kwenda kule lazima ujue sampuli ilichimbwa kina gani. Chukua mahali palipopokea pikogramu 10 kwa siku kwa miaka 40. Jumla ni nanogramu 146 kwa mita ya mraba. Zikibaki zote kwenye sentimita 5 za juu, ambazo kwa udongo wa kawaida ni kilo kama 65, utakuta nanogramu 2 na ushei kwa kilo. Ukichimba sentimita 20 na kuchanganya, namba inashuka hadi karibu nusu nanogramu, na sumu ni ileile. Sasa igeuze hesabu hiyo kwa zile 640 za Lausanne. Hata tukikadiria kwa upole kwamba ziko kwenye sentimita 5 tu, kwamba hakuna kilichopotea, na kwamba zilishuka sawasawa kwa miaka yote 47, zinadai zaidi ya pikogramu 2,400 kwa mita ya mraba kila siku. Chupa moja juu ya nguzo ingeliona hilo katika mwezi wake wa kwanza.

Kule Seveso, Italia, baada ya mlipuko wa kiwanda cha ICMESA tarehe 10 Julai 1976, ramani ilichorwa moja kwa moja kwa mita ya mraba: penye zaidi ya mikrogramu 50 za TCDD palikuwa Eneo A, watu zaidi ya 700 wakahamishwa, kuanzia 5 hadi 50 palikuwa Eneo B. Pale wingu lilipita mara moja, kwa hiyo udongo ulikuwa kumbukumbu ya siku moja. Kwenye bomba la miaka hamsini udongo hujumlisha kila kitu bila tarehe.

Ziwa lina tarehe. Kisiwa cha Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior huko Marekani, kina ziwa dogo liitwalo Siskiwit. Uso wake uko juu kuliko wa Superior, kwa hiyo maji ya viwanda hayawezi kuingia. Dioksini ikipatikana humo imekuja kwa hewa tu. Mwaka 1984 Ronald Hites na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Indiana walitangaza kwamba ipo. Walichimba mashapo ya chini, wakayapa umri tabaka kwa tabaka, wakakuta dioksini ni kidogo mno chini na inaanza kupanda kuanzia miaka ya 1940. Makaa ya mawe yalikuwa yakichomwa kwa wingi zamani kabla ya hapo, kwa hiyo hayakutosha kueleza kupanda huko. Kilicholingana ni ujio wa bidhaa zenye klorini na kuchomwa kwake. Huko Rothamsted, Uingereza, ambako sampuli za udongo wa majaribio ya kilimo zimehifadhiwa tangu miaka ya 1840, watafiti walizifungua chupa hizo za kale na kukuta mwelekeo uleule wa kupanda katika karne ya 20.

Kisha kikaja kitendawili. Mwaka 1996 Louis Brzuzy na Hites walikusanya udongo kutoka pande nyingi za dunia na kukadiria kwamba dioksini zinazotua kwa mwaka ni kama kilo 13,000, wakati zinazotoka kwenye vyanzo vinavyojulikana ni kama kilo 3,000. Haiwezekani kinachotua kizidi kinachopaa. Sehemu kubwa ya jibu ilikuja mwaka 2000, katika kazi ya Joel Baker na Hites: OCDD hutengenezwa angani penyewe, pentaklorofenoli, dawa iliyotumika sana kuhifadhi mbao, inapopigwa na jua ndani ya matone ya maji. Kwa kuwa OCDD ina uzito wa sumu mdogo mno, kitendawili kile cha kilo kilikuwa kidogo sana kikipimwa kwa TEQ. Ndiyo sababu lazima ripoti iseme inahesabu kilo au inahesabu sumu.

Mwaka huohuo wa 2000 Barry Commoner na wenzake wa New York walijaribu kutoka upande wa pili. Waliorodhesha vyanzo zaidi ya 44,000 vya Marekani, Kanada na Meksiko, wakavifuatilia kwa kielelezo cha kompyuta cha mwendo wa hewa hadi Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako hakuna tanuri la maana kwa mamia ya kilomita. Walikadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 82 ya dioksini inayotua pale hutoka Marekani, na kwamba sehemu kubwa imetoka kwenye vyanzo vichache mno. Kielelezo hakipimi chochote, lakini kinafanya jambo ambalo chupa haiwezi: kinamtaja aliyetuma.

Kwetu Afrika Mashariki kazi nyingi imekuwa ya upande wa bomba. Kenya na Tanzania ziliridhia mwaka 2004 Mkataba wa Stockholm, ule wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, na kila nchi hukadiria dioksini zake kwa kuzidisha tani za taka zilizochomwa kwa namba zilizomo kwenye mwongozo wa Umoja wa Mataifa. Namba hizo ni za ukweli wa jumla. Hazisemi nyumba ipi imepokea nini. Hewa nayo imepimwa, hata kwenye kituo cha Mlima Kenya, kwa vifaa vya bei nafuu ambavyo kiini chake ni sponji kama la godoro lililofungiwa kati ya bakuli mbili za chuma. Sponji hilo hunyonya mvuke kwa majuma bila umeme. Ni kifaa kizuri sana kwa kulinganisha mahali na mahali, lakini hakipimi kinachotua.

Kilichopima kutua ni kuku. Mwaka 2005 IPEN, mtandao wa kimataifa wa mashirika yanayopinga kemikali za sumu, na washirika wake wa Kenya walitoa vipimo vya mayai ya kuku wa kienyeji wa karibu na jalala la Dandora, Nairobi, na dioksini zake zilizidi mara kadhaa kiwango cha Umoja wa Ulaya cha wakati ule, pikogramu 3 kwa gramu ya mafuta. Kuku hudonoa ardhi mchana kutwa, humeza udongo pamoja na punje, na kila yai linabeba hesabu ya wiki zilizopita. Mtu anayekula mayai hayo anapata sumu ile ile iliyopimwa, bila kuhitaji kukadiria kasi ya kutua wala kina cha kuchimba. Umoja wa Ulaya kupitia mamlaka yake ya chakula ulishusha mwaka 2018 kiasi ambacho mtu anaweza kukila kwa wiki kutoka pikogramu 14 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mayai yaliyoonekana yana nafuu wakati ule hayana nafuu leo.

Nikiangalia matanuri madogo ya taka za hospitali yaliyojengwa kwa matofali katika vituo vingi vya afya vya Kenya na Tanzania, yenye bomba fupi la mita chache tu, naona kazi inayowezekana. Bomba fupi huangusha mzigo wake karibu, mara nyingi ndani ya uzio au kwa jirani wa kwanza. Kituo kilichoko pwani kina upepo wa kaskazi na upepo wa kusi, ambao hubeba moshi kuelekea pande zinazopingana. Chupa iliyosimamishwa upande mmoja kwa mwezi mmoja wa kaskazi haijui lolote kuhusu nyumba za upande wa pili. Kwa hiyo panahitajika chupa pande zote mbili na nyingine mbali kwa kulinganisha, kwa misimu yote miwili na masika ikiwemo. Fedha zikiwa hazitoshi kwa hayo, na spektromita ni ghali kweli, ningeanza na mayai ya majirani na udongo wa juu wa mahali kuku wanapodonoa, yachujwe kwanza kwa kipimo cha seli za ini la panya zilizopandikizwa jeni ya kimulimuli, ambazo hung'aa zaidi kadiri dioksini inavyozidi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya spektromita. Sampuli zitakazong'aa sana ndizo zitumwe kwenye spektromita, na matokeo yapelekwe kwanza kwa wenye kuku.